Aliyechana na aliyeimba ni mmoja: kisa cha albamu ya Lauryn Hill

Kengele ya shule inalia. Mwalimu anaita majina na wanafunzi wanaitika mmoja mmoja. Anafika kwa Lauryn Hill. Kimya. Anarudia. Kimya tena. Kisha biti nzito inadondoka, na yule ambaye hakuwamo darasani anaingia akichana, yaani akitema mistari ya rap, tena kwa hasira.

Ndivyo inavyoanza The Miseducation of Lauryn Hill, albamu ya mwanamuziki huyo wa Marekani iliyotoka tarehe 25 Agosti 1998 kupitia lebo za Ruffhouse na Columbia. Wimbo wa kwanza, "Lost Ones", ni wa vijembe mwanzo hadi mwisho, hauna chembe ya kubembeleza. Ukiisha unakuja "Ex-Factor", na mtu yuleyule aliyekuwa akirusha mawe sasa anaimba akiwa hoi, anamuuliza mpenzi wake kwa nini jambo jepesi limekuwa zito hivi. Unafuata "To Zion", anamwimbia mwanawe. Halafu "Doo Wop (That Thing)", ambamo anachana na kuimba ndani ya wimbo mmoja. Nyimbo nne, na tayari msikilizaji ameshatembezwa kutoka kijiwe cha hip-hop hadi kanisani na kurudi barabarani, mwenyeji wake akiwa mtu mmoja.

Nimeichukua albamu hii kama kisa kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili ambayo kwa kawaida huulizwa na watu tofauti. La kwanza ni la fundi wa muziki: hip-hop, soul (uimbaji wa hisia wa Wamarekani weusi) na pop vilichanganywaje hata vikashikana, visibaki kama mafuta juu ya maji? La pili ni la mwanasheria: nani hasa alichanganya? Kadiri ninavyoisikiliza, ndivyo ninavyoona kwamba jibu la swali la kwanza ndilo lililozaa swali la pili.

Mgeni wa kiitikio

Kufikia 1997, hip-hop kukaa pamoja na soul haikuwa habari mpya. Mary J. Blige alikuwa ametoa What's the 411? mwaka 1992, akiimba soul juu ya biti za hip-hop. Mwaka 1995 Method Man wa kundi la hip-hop la Wu-Tang Clan alimshirikisha Blige katika wimbo uliojengwa juu ya kazi ya zamani ya Marvin Gaye na Tammi Terrell, wakabeba tuzo ya muziki ya Grammy. Mwaka 1997 Puff Daddy, Faith Evans na kundi la 112 walilibeba gitaa la bendi ya rock ya The Police zimazima, wakaliwekea juu maombolezo ya kifo cha mchanaji Notorious B.I.G., na wakakaa kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki 11.

Utaona mpangilio uliokuwa umezoeleka. Mwanamume anachana beti zake, mwanamke anaingia kwenye kiitikio, anaimba, anatoka. Yeye ni mgeni. Kiitikio ndicho kinachokumbukwa mtaani na ndicho kinachouza, lakini wimbo si wake.

Msikilizaji wa Bongo Flava anaujua mpangilio huu bila kufundishwa: Profesa Jay anachana, Ferooz anaimba. Anaujua pia ugomvi ulioandamana nao, pale wagumu wa hip-hop walipowaita waimbaji "wabana pua", kana kwamba kuimba ni kudeka mbele ya maikrofoni. Marekani walikuwa na maneno yao, lakini shutuma ilikuwa ileile: mchanaji akianza kuimba, ujue anatafuta redio.

Lauryn Hill alitokea katikati ya ugomvi huo. Alizaliwa New Jersey mwaka 1975 na kukulia South Orange. Akiwa binti mdogo alipanda jukwaa la Apollo kule Harlem katika usiku wa wanaojaribu bahati, na mwaka 1993 alionekana katika filamu ya Sister Act 2. Pamoja na Wyclef Jean na Pras Michel walikuwa kundi la Fugees. Albamu yao ya kwanza haikufika mbali. Ya pili, The Score, iliyotoka Februari 1996, ilifika kila mahali, na wimbo ulioifikisha ni "Killing Me Softly", ambao Roberta Flack alikuwa ameitikisa dunia nao mwaka 1973. Nchini Uingereza ndiyo iliyokuwa singo iliyouzwa kuliko zote mwaka ule.

Usikilize tena wimbo ule. Chini kuna ngoma zinazotoka katika ukoo wa kundi la hip-hop la A Tribe Called Quest, juu kuna Hill akiimba mwanzo hadi mwisho, na Wyclef anatupia maneno mawili matatu pembeni. Yaani kundi la hip-hop lilijulikana duniani kwa wimbo usio na beti hata moja ya kuchana. Na ndani ya albamu hiyohiyo Hill anachana kwa ustadi mkubwa. Wapo wanaosema aliwaacha mbali wenzake wawili. Lakini dunia ilimpokea kama sauti nzuri ya kiitikio. Kwa hiyo nikisikia albamu ya 1998 ikifunguliwa kwa mistari mikali kabla hajaimba noti moja, sidhani ni bahati mbaya. Mtu anarudisha kwanza nusu yake iliyokuwa imewekwa kabatini.

Biti ya mashine, koo la mtu

Kurekodi kulianza mwishoni mwa 1997 kukaendelea hadi Juni 1998. Sehemu ilifanyika New York, katika studio kama Chung King, na sehemu Kingston, Jamaica, katika studio ya Tuff Gong iliyoanzishwa na Bob Marley. Jamaica haikuwa ya mapambo. Mwezi Agosti 1997 Hill alikuwa amejifungua Zion, na baba wa mtoto ni Rohan Marley, mmoja wa wana wa Bob. Albamu ilipoingia sokoni alikuwa mjamzito tena.

Katika mahojiano ya wakati ule alieleza kwamba hakutaka sauti iliyopigwa pasi. Alikuwa akisemea kifaa ambacho mafundi wa studio hukiita kompresa. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo: kelele inashushwa, mnong'ono unainuliwa, vyote vinakaribiana. Kwa redio ya kwenye gari ni msaada mkubwa. Kwa soul kinaweza kuwa msiba, maana soul inaishi katika tofauti hiyohiyo, pale mwimbaji anapokaribia kunyamaza halafu sauti inampasuka. Hill alisema amelelewa na rekodi za kabla teknolojia haijafikia kulainisha kila kitu, na alitaka unene ule. Ndiyo maana ukiisikiliza leo kwa spika nzuri unasikia koo. Unasikia mkwaruzo, unasikia pumzi inavutwa kabla ya sentensi.

Chini ya koo hilo, ngoma nyingi ni za hip-hop kamili: nzito, kavu, zinajirudia bila kuchoka. Hapa ndipo wengi wanaojaribu mchanganyiko huu hukosea, kwa maoni yangu. Wakitaka soul hulainisha kila kitu, biti nayo inakuwa laini, na kinachotoka ni muziki wa kusubiria lifti. Hill aliacha kila upande na ugumu wake. Katika "To Zion" Carlos Santana anapiga gitaa kwa upole wa mtu anayebembeleza mtoto, na chini yake ngoma inapiga kama ya gwaride la askari. Katika "Everything Is Everything" nyuzi zinapanda na kushuka kama za sinema, lakini miguu ya wimbo ni ya mtaani. (Aliyepiga piano kwenye wimbo huo ni mwanafunzi wa chuo aitwaye John Stephens. Leo anaitwa John Legend.) Mwimbaji wa soul D'Angelo alikuja akaimba naye "Nothing Even Matters", na Mary J. Blige, yule aliyezoea kuwa mgeni wa kiitikio, alikuja "I Used to Love Him" kuimba na mwanamke mwenzake.

Nasaba ya tuni moja

Lakini ufundi mkubwa uko kwenye kuazima, na hapa nitakaa kidogo.

Hip-hop ilikua kwa kukata. Unachukua kipande cha rekodi ya mtu, unakizungusha, unachana juu yake. Hiyo ndiyo sampo. Tangu mwaka 1991, mahakama ya New York ilipoamua dhidi ya mchanaji Biz Markie kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, sampo ikawa na bei. Na unalipa pande mbili: mwenye rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa, na mwenye utunzi, yaani tuni na maneno. Kuna njia nyingine. Huigusi rekodi, unaipiga tuni upya kwa vyombo vyako na koo lako. Hapo unabaki na deni moja tu, la mtunzi.

Kwetu pwani njia hii ya pili si ngeni. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na mashabiki wa taarab walijua kabisa tuni inatoka wapi na bado wakalia kwa maneno.

Hill alitumia njia zote mbili, ila moyo wa albamu uko katika ile ya pili. Fuata nasaba ya "Ex-Factor". Mwaka 1973 Marvin Hamlisch, pamoja na Alan na Marilyn Bergman, waliandika "The Way We Were" kwa ajili ya filamu ya Hollywood, akauimba Barbra Streisand. Gladys Knight na kundi lake la Pips wakaupeleka nyumbani kwa soul, na yeye akatanguliza maneno ya kuzungumza, ya mtu mzima anayekumbuka siku zilizopita. Mwaka 1993 Wu-Tang Clan wakakata kipande cha Gladys Knight, wakakifanya uti wa mgongo wa wimbo wao kuhusu utoto wa mitaa ya Staten Island. Miaka mitano baadaye Hill anaichukua ile hoja ya Wu-Tang, kwamba mambo yangeweza kuwa mepesi tu, lakini haizungushi kwenye mashine. Anaiimba. Kilichokuwa kipande cha rekodi kinarudi kuwa sauti ya mwanamke aliyeumizwa, kama kilivyokuwa kwa Gladys Knight kabla hakijakatwa.

Ndiyo sababu shabiki wa Wu-Tang akiusikia anajiona yuko kwao, na mama yake aliyekulia na Gladys Knight anajiona yuko kwake, katika sebule moja, kwa wimbo mmoja. Wala hakuna aliyebembelezwa kwa kupunguziwa. Mchezo huo unajirudia kote: "Lost Ones" inabeba mwangwi wa Sister Nancy wa Jamaica, "Forgive Them Father" inapita karibu sana na Bob Marley, "Superstar" inachokoza tuni ya bendi ya rock ya The Doors. Ukitazama orodha ya watunzi wa "Ex-Factor" utawakuta watu wa Hollywood na vijana wa Wu-Tang wamekaa mstari mmoja.

Ishike picha hiyo ya orodha, nitairudia.

Beti zinakemea, kiitikio kinaimba

"Doo Wop (That Thing)" ndiyo singo iliyobeba albamu. Iliingia kwenye Billboard Hot 100 katikati ya Novemba 1998 moja kwa moja nafasi ya kwanza. Mwanamke mchanaji asiye na msanii mwenzake kwenye wimbo hakufika hapo tena hadi Cardi B, mwaka 2017.

Doo-wop yenyewe ni uimbaji wa vijana weusi wa mijini Marekani katika miaka ya 1940 na 1950: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia kwa silabi zisizo na maana, mara nyingi pembeni mwa barabara na bila chombo chochote. Hill aliazima umbo hilo, akalijaza piano, tarumbeta na mkwaruzo wa sahani ya santuri. Beti ya kwanza anawakemea wanawake wanaojiuza rahisi. Ya pili inawageukia wanaume wanaojifanya wakubwa huku wakikwepa wajibu. Ukiyasoma maneno peke yake karatasini, ni ya shangazi mkali siku ya kikao cha familia. Mahubiri kabisa.

Kinachouokoa wimbo ni kiitikio. Kila kemeo likifika ukingoni, zinaingia sauti za kuimba, zimepangwa kwa tabaka, tamu, za zamani, zinamtahadharisha msikilizaji kwa upole. Yaani anayegomba na anayebembeleza ni mtu mmoja. Ungempa kiitikio hicho mgeni, wimbo ungekuwa na mtu mbaya na mtu mzuri. Kwa kuwa mdomo ni mmoja, unakuwa na mama.

Nilikuwa na kanuni safi kuhusu albamu hii: akichana anahukumu, akiimba anaungama. Inafaa kwa "Lost Ones" na "Ex-Factor", inafaa kwa "Final Hour" na "To Zion". Halafu "Doo Wop" inaivunja, maana katikati ya beti ya kwanza, akichana, Hill anakiri kwamba naye ni binadamu na yalimfika hayohayo anayoyakemea. Ungamo linakuja ndani ya hukumu, kwa mdundo uleule, bila kubadili sauti. Nimeiacha kanuni yangu ivunjike. Ila imenisaidia kusikia kwamba mpaka kati ya kuchana na kuimba haukufutwa katika albamu hii kama wanavyosema wengi. Mpaka upo, na yeye anauvuka akijua anavuka.

Video ya wimbo ilionyesha hilo kwa macho. Skrini imepasuliwa katikati: kushoto ni 1967, kulia ni 1998, mtaa uleule wa Washington Heights, New York, sherehe ya barabarani inaendelea pande zote mbili, na Hill anaimba huku na huku, kila upande na mavazi ya wakati wake. Mwaka 1999 ilichaguliwa Video ya Mwaka na MTV, ya kwanza ya hip-hop kupata tuzo hiyo.

Waliokuwamo chumbani

Sasa kesi. Novemba 1998, wimbo ukiwa kileleni, wanamuziki wanne waliojulikana kwa pamoja kama New Ark walifungua mashtaka: Vada Nobles, Rasheem Pugh, na ndugu Tejumold na Johari Newton. (Johari, naam, la Kiswahili kabisa, Wamarekani weusi wengi wa kizazi kile walipewa majina kutoka kwetu.) Walidai walishiriki kuandika na kuzalisha nyimbo nyingi za albamu. Majina yao yalikuwamo kwenye kijitabu cha albamu, lakini si kwa kiwango walichosema wanastahili. Kijitabu kilisema kwa herufi zisizo na shaka kwamba mwandishi, mpangaji na prodyuza ni Lauryn Hill.

Upande wa Hill ulishikilia kwamba wale walikuwa wasaidizi, na maono yalikuwa yake. Mwezi Februari 2001 wakamalizana nje ya mahakama. Kiasi kilichoripotiwa ni dola milioni 5.

Watu husimulia sehemu hii kama doa, kisha wanairudisha haraka kabatini ili wasifu uendelee. Mimi naona ni sehemu ya ufundi wenyewe. Rudia ile orodha ya watunzi wa "Ex-Factor". Hamlisch hakuwamo studio. Akina Bergman hawakuwamo. Wu-Tang hawakuwamo. Wote wameandikwa, kwa sababu walichoazimwa kilikuwa kimeshasajiliwa, kina mwenyewe, kina namba. Haki ya aliye mbali ilikuwa wazi kama jua. Haki ya kijana aliyekaa chumbani saa nane za usiku akijaribu kodi za gitaa (noti zinazopigwa pamoja) hadi mwimbaji aseme "hiyo hapo, irudie" ndiyo iliyobaki ya kugombaniwa.

Ungekuwa umekata sampo, swali lisingekuwepo kwa sura hiyo. Mashine haishtaki. Prodyuza mmoja anakaa na kompyuta yake, rekodi inazunguka, orodha ya kulipwa inajulikana. Lakini Hill alitaka pumzi za watu, vyombo vya watu, tuni za zamani zikipigwa upya, na hayo hayapatikani bila watu wengi kuwa chumba kimoja wakibadilishana mawazo ambayo hakuna anayeyaandika tarehe. Sheria ya Marekani nayo ni kali hapo: mkikubalika kuwa waandishi wa pamoja na hamna makubaliano mengine, mnagawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo kati ya kuitwa "aliyepiga gitaa" na "aliyeandika" kuna bei ya nyumba kadhaa.

Kuna upande wa pili ambao sitaki kuuruka. Wanaume wangapi wameingia studio na jeshi zima la wapigaji, wakatoka na jina moja kwenye kava, tukawaita magwiji na hatukuuliza nani alipiga besi? Hill alikuwa na miaka 23. Alitoka katika kundi ambalo Wyclef ndiye aliyechukuliwa kuwa ubongo na yeye kuwa sauti. Namwelewa kabisa mwanamke huyo anapotaka kijitabu kisomeke bila utata. Namwelewa pia mpiga gitaa anapokisoma kijitabu hichohicho usiku ule albamu inapotoka. Mwaka 2018, mpiga kinanda Robert Glasper alipoyafufua madai haya hadharani, Hill alijibu kwa andiko refu akisisitiza kwamba waliokuja walikuja kuhudumia maono ambayo yeye ndiye msanifu wake. Miaka 20, na jeraha lilikuwa bado bichi.

Kabati la Grammy

Tarehe 24 Februari 1999, Los Angeles. Hill aliingia na uteuzi wa tuzo 10 akatoka na 5, idadi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameifikisha kwa usiku mmoja. Mojawapo ilikuwa Albamu Bora ya Mwaka, na hapo hip-hop ilipata tuzo hiyo kwa mara ya kwanza.

Ila angalia makabati waliyomweka. "Lost Ones" iliteuliwa upande wa rap. Wimbo uliofichwa mwishoni mwa albamu, "Can't Take My Eyes Off You", uliteuliwa upande wa pop. "Doo Wop" ikashinda upande wa R&B, jina la jumla la muziki wa kuimba wa Wamarekani weusi. Albamu nzima ikashinda Albamu Bora ya R&B, na haikuwamo kabisa kati ya zilizoteuliwa kwa Albamu Bora ya Rap; hiyo ilikwenda kwa Jay-Z. Kwa maneno mengine, albamu ya kwanza ya hip-hop kutwaa tuzo kubwa kuliko zote ilikuwa, kwa makaratasi ya waandaaji walewale, si ya hip-hop. Kuimba kulimpatia mlango, na mlangoni wakamwandika mwimbaji. Kama mwaka 1996.

Soko halikujisumbua na makabati. Nakala zaidi ya 422,000 zilikwenda wiki ya kwanza tu, rekodi ya msanii wa kike Marekani wakati huo, na mwaka 2021 ikapewa cheti cha almasi, yaani milioni 10. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka katika hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Mwaka 2024 Apple Music ilipopanga albamu zake 100 bora za wakati wote, hii iliwekwa ya kwanza.

Na mlango alioufungua umejaa watu. Kanye West aliimba albamu nzima mwaka 2008 kwa msaada wa mashine ya kunyoosha sauti. Drake amejenga maisha yake juu ya kuchana na kuimba kwa mdomo mmoja, na mwaka 2018 aliikata "Ex-Factor" yenyewe, akaiharakisha hadi sauti ya Hill ikawa nyembamba kama ya mtoto, akafika nayo kileleni. Mwaka huohuo Cardi B naye aliichota kwa wimbo wake wa mapenzi yaliyochacha. Hivyo tuni ya Hamlisch ya 1973, iliyokuwa filamu, ikawa soul, ikakatwa na Wu-Tang, ikaimbwa upya na Hill, sasa imekatwa tena.

Hill hakutoa albamu nyingine ya studio peke yake. Kuna rekodi ya jukwaani ya 2002, yeye na gitaa, imejaa maongezi marefu na sauti iliyochoka, ambayo wengine wanaipenda na wengine hawaiwezi. Anaendelea kuzunguka na nyimbo za 1998, lakini amezibadilisha. "Ex-Factor" anaweza kuiharakisha, kuigeuza kodi, kuiingiza mdundo mwingine, huku akiipigia bendi ishara kwa mkono papo hapo, punguza, ongeza, rudia. Mashabiki waliolipa kiingilio ili waimbe naye kama kwenye diski huanza ubeti wa kwanza kwa nguvu, wakafika mstari wa pili wakakuta ameshawaacha.